Msaada: vipande vya tabaka tatu visivyookwa (vile vya Canada), nataka kuvitengeneza hapa Mbeya

Mama Visheti, Uyole

Habari zenu wapishi. Naomba msaada kabla sijapokea hela ya watu.

Nauza vitafunwa hapa Uyole: visheti, kashata, vitumbua, na maandazi ya asubuhi. Oveni sina. Nina jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa. Sasa kuna mama mmoja wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya ana sendofu ya binti yake mwezi wa saba. Wifi yake anaishi Canada, alipokuja likizo akawatengenezea vipande fulani vinaitwa Nanaimo: chini peusi pana nazi na kokwa, katikati njano laini, juu chokoleti. Mama kavipenda kweli. Anataka trei nne za ukumbini, na ya tano ipelekwe Kyela kwa upande wa mume. Kaambiwa havihitaji oveni, ndiyo maana kanijia mimi.

Maelezo kaniachia kwenye karatasi lakini yana mambo siyaelewi. Biskuti za Graham sijaziona sokoni Mwanjelwa wala Kabwe, niweke zipi? Kastadi inachemshwa kwanza au inaingia hivyo hivyo? Yai limo, na hakuna kuoka, si watu watakula yai bichi? Siagi ni ghali, majarini haiwezi kusaidia? Halafu chokoleti ya juu: vile vya wifi vilipasuka wakati wa kukata, njano ikatoka pembeni yote. Hayo sitaki yatokee mbele ya wakwe.

Aliyewahi kutengeneza aniambie ukweli, nipokee oda au niache?

---

Shangazi wa Kihesa

Kamwene dada. Pokea oda. Ila majarini iondoe kichwani kabla hatujaanza, nitakueleza kwa nini.

Hivi vipande nilifundishwa na mama mmoja wa misheni aliyetoka huko huko British Columbia, na nimevifanya sana, vya ubarikio, vya arusi, vya kuuza ofisini. Nanaimo ni mji, uko kwenye kisiwa cha Vancouver, zamani ulikuwa mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Akina mama wa kujitolea wa hospitali ya pale walichapisha kitabu cha mapishi mwaka 1952, na vipande hivi vimo, ila vinaitwa vya chokoleti tu, jina la mji halijabandikwa bado. Miaka ya 1980 meya wao, Graeme Roberts, akaitisha shindano la kutafuta mapishi bora, yakaletwa karibu 100, akashinda mama anaitwa Joyce Hardcastle. Mapishi yake ndiyo mji unayoyatambua mpaka leo, na bila shaka ndiyo hayo uliyopewa kwenye karatasi. Wenyewe hawana mchezo nayo. Mwaka 2019 posta ya Canada ilitoa stempu yenye picha ya kipande hiki, watu wakaja juu kwamba tabaka la njano limechorwa nene mno! Kwa hiyo ujue unachopika kina wenyewe.

Sasa kazi. Vipimo vya trei moja ya mraba ya sentimita 20.

Tabaka la chini: siagi gramu 115, sukari robo kikombe, unga wa kakao vijiko vikubwa vitano, yai moja, biskuti zilizosagwa kikombe kimoja na robo, nazi kavu kikombe kimoja, kokwa zilizokatwakatwa nusu kikombe. Weka sufuria ya maji jikoni, yakichemka punguza moto, juu yake pandisha bakuli la chuma lisiloguswa na maji. Humo yeyusha siagi, sukari na kakao. Yai lipige pembeni, limimine kidogo kidogo huku unakoroga bila kupumzika. Hapa ndipo jibu la swali lako la yai lilipo: linaivia kwenye hilo bakuli. Utaona rojo linabadilika, kwanza linateleza kwenye mwiko, halafu linaanza kuushika na kuacha njia unapopitisha kidole. Usiipue kabla ya hapo. Ukiipua mapema yai ni bichi na tabaka halitashikana, litamomonyoka mkononi mwa mgeni. Ukizidisha moto nalo utapata mayai ya kukoroga yenye kakao. Kwa hiyo jiko la gesi, moto mdogo. Mkaa sikushauri kwenye hatua hii maana huwezi kuupunguza unapotaka.

Likiiva ipua, changanya biskuti, nazi na kokwa, tandaza kwenye trei uliyoitandika karatasi ya kuokea, kandamiza kwa chini ya glasi mpaka papate kuwa bapa. Acha ncha za karatasi zitokeze nje, ndizo utakazonyanyulia baadaye.

Biskuti: Graham ni biskuti za ngano isiyokobolewa, zina utamu kidogo. Chukua zile za daijestivu, ziko kwenye maduka makubwa ya mjini. Ukizikosa, biskuti yoyote kavu ya chai isiyo na krimu inafaa, punguza tu sukari kidogo kama yenyewe ni tamu.

Kokwa: kwao ni lozi. Huku usihangaike na lozi. Korosho nyeupe zilizokaangwa kidogo ndizo zinazokaribia. Karanga ni rahisi lakini ladha yake inafunika kila kitu, mgeni ataona kala kashata yenye chokoleti. Kwa sendofu mimi ningeweka korosho.

Nazi ndiyo inayowasumbua wengi wa huku juu. Inatoka pwani, ikifika Mbeya bei imeshapanda, basi mtu anakuna nazi moja akijua amemaliza. Nazi mbichi ina maji, na maji yakiingia humo tabaka halikauki na baada ya siku mbili linachacha. Nunua ile kavu ya pakiti. Kama lazima ukune, ikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza, mpaka ukiifinya haiachi unyevu kidoleni. Isibadilike rangi.

Tabaka la kati: siagi gramu 115 iliyolainika (siyo iliyoyeyuka), krimu vijiko vikubwa viwili na vidogo viwili, unga wa kastadi ya vanila vijiko vikubwa viwili, sukari ya aisingi (ile laini ya unga) vikombe viwili. Kastadi inaingia hivyo hivyo, haichemshwi. Ni unga wa wanga wa mahindi wenye rangi na harufu ya vanila, hauna yai ndani. Aliyeubuni ni mwuza dawa wa Birmingham, Alfred Bird, mwaka 1837, kwa sababu mkewe alikuwa hawezi kula mayai. Chapa yoyote utakayoikuta dukani itafanya kazi, hakikisha ni ya kupika na siyo ile ya kukoroga na maji baridi, hiyo imeshawekwa sukari. Na asikudanganye mtu uweke manjano ya pilau kupata rangi. Harufu yake haijifichi.

Krimu ukiikosa, chukua maziwa ya ng'ombe, chemsha, yaache yalale usiku kwenye baridi bila kuyatikisa, asubuhi engua juu. Kwa maziwa ya kwenu huko Rungwe utapata ya kutosha. Ukitumia maziwa matupu weka nusu ya kipimo, kwa kuwa yana maji mengi.

Na sasa majarini. Tabaka hili halipikwi wala halina kitu cha kulishikilia zaidi ya mafuta yenyewe yakiganda. Siagi ya maziwa ikipoa inakuwa ngumu. Majarini nyingi za kopo zimetengenezwa ziwe laini muda wote ili mtu apake mkate, na baadhi zina maji mengi kuliko unavyofikiri. Utaikoroga vizuri, itapendeza, halafu siku ya kukata inatiririka. Ndimi za wageni nazo zitajua, maana kwenye tabaka bichi hakuna ladha nyingine ya kuificha. Siagi ndiyo itakayokula hela yako, kwa hiyo panga bei ukianzia hapo. Chukua isiyo na chumvi.

Tabaka la juu: chokoleti nyeusi kiasi gramu 115 na siagi vijiko vikubwa viwili. Yeyusha juu ya maji ya moto kama mwanzo, kisha ACHA IPOE. Ikiwa ya vuguvugu lakini bado inamiminika, mimina. Ukimimina ya moto unayeyusha njano, zinachanganyika, unapata marumaru badala ya mistari.

Kupasuka: wifi alikata ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye friji. Chokoleti baridi ni gumu, njano ni laini, kisu kinasukuma juu kabla hakijafika chini. Dawa yake, chokoleti ikiwa imeshika nusu, haijakauka kabisa, chora mistari kwa ncha ya kisu mpaka uione njano. Iache igande. Siku ya kukata toa trei nje ikae nusu saa, chovya kisu kwenye maji ya moto, futa, kata kwa kukandamiza chini moja kwa moja, usikereze. Futa kila mara. Ni tamu sana hizi, kata ndogo, trei moja itoe vipande 25.

Kati ya tabaka na tabaka subiri. Mwezi wa saba sisi tuna bahati, baridi ya Iringa na Mbeya inagandisha siagi bila friji. Mimi naweka trei juu ya sakafu ya stoo usiku, nimefunika kwa sinia na kuweka tofali juu, kwa sababu ya paka. Watu wa Dar wanalia na friji zao.

---

Mndali wa Kyela

Shangazi umemaliza kila kitu, ila mbona kakao hukuigusa? Dada yuko Mbeya, kakao yenyewe inalimwa huku kwetu Kyela na kule Busokelo. Akinunua kopo la kakao ya nje wakati mbegu ziko nyuma ya nyumba ya shemeji, si aibu?

---

Shangazi wa Kihesa

Aibu haipo, kaka. Mbegu zenu zinakwenda mnadani zikiwa kavu, haziji sokoni zikiwa unga. Lakini wewe uliye huko tueleze, maana mimi nimezoea kopo.

---

Mndali wa Kyela

Sawa, naeleza.

Kakao tunayouza kwenye AMCOS (chama chetu cha ushirika) kwa stakabadhi ghalani ni mbegu zilizovundikwa kwenye masanduku au majani ya migomba siku kadhaa, kisha zikaanikwa. Kuvundika siyo kwa ajili ya mnunuzi tu, ladha ya chokoleti inaanzia hapo. Mbegu iliyoanikwa bila kuvundikwa ni chungu na inakakatisha mdomo, hata uikaange vipi. Kwa hiyo dada ukiomba mbegu kwa mtu, uliza kwanza zimevundikwa au ni zile za kuanika haraka haraka.

Nyumbani tunafanya hivi: kaanga kwenye sufuria nzito, moto mdogo, mpaka maganda yaanze kualika na harufu ijae jikoni. Zikipoa menya, pepeta, twanga. Hapo wengi wanashangaa, wanategemea unga, wanapata uji mzito mweusi unaong'aa. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta. Unga wa kopo umeshakamuliwa mafuta mengi kiwandani.

Ndiyo maana huwezi kubadilisha kijiko kwa kijiko. Vijiko vitano vya shangazi ni kama gramu 30 hadi 40 za unga. Weka gramu 60 hivi za kakao ya kutwanga, na kwenye siagi ya tabaka la chini punguza gramu 25 hadi 30, mafuta yake yatajazia. Usipopunguza, tabaka litatoa mafuta juu ya karatasi. Chenga za kinu hazina shida chini, zinajificha kwenye nazi na biskuti.

Juu USITUMIE ya kutwanga. Kiwandani wanasaga saa nyingi sana mpaka ulimi usihisi chembe. Kinu hakifiki huko. Nunua chokoleti ya kipande.

---

Mkinga Makambako

Naona mnahangaika na siagi na korosho na kakao ya kutwanga. Kwani sisi hatuna vya kwetu vya kumimina kwenye sinia na kukata? Kashata zipo. Halua ya Zanzibar inafika Njombe. Barfi za maziwa za Wahindi zipo. Hata chikanda, ile mizizi ya maua ya Makete inayotwangwa na kupikwa na karanga, inagandishwa na kukatwa vipande. Mpeni mama wa Soweto kashata nzuri, habari iishe. Sendofu ya Mnyakyusa inahitaji Canada ya nini?

---

Shangazi wa Kihesa

Chikanda siyo kitamu, mwanangu, ni kitafunwa cha chumvi na pilipili, na Wazambia ndio wanaokiabudu. Tena hiyo mizizi ilichimbwa mpaka maua yakaanza kuisha. Hifadhi ya Kitulo, wanayoiita Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005 kulinda maua yale, huwezi kuingia na jembe Bustani ya Mungu ukachimbia sendofu ya watu.

Kashata nakubali. Mimi ningepanga sinia moja ya kashata pembeni ya kila trei, kwa wazee wasiopenda siagi. Ila mwenye shughuli kachagua anachotaka, tusimpangie.

---

Mama Visheti, Uyole

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu ya namna hii. Kaka wa Kyela, mbegu nitaomba kwa shemeji, na swali la kuvundikwa nitaliuliza.

Hapo kwenye kashata mmenikumbusha kitu. Nina maelezo ya kashata za nazi ya mama mmoja wa Tanga, anatumia kipimajoto, anasema shira ifike 115 ndipo umwage nazi. Nikifuata hivyo zinakuwa ngumu, zinavunjika. Nikifuata kwa macho zinatoka sawa. Kipimajoto ni kipya. Tatizo nini?

---

Shangazi wa Kihesa

Kipimajoto chako ni kizima. Yeye yuko usawa wa bahari, wewe uko juu, kama mita 1,700 hivi. Maji ya Tanga yanachemka nyuzi 100, ya Mbeya yanachemka karibu 94. Shira ni sukari na maji, inakauka kadiri maji yanavyotoka, na kwako yanatoka kwenye joto dogo zaidi. Shira ya Tanga ikiwa 115, ya kwako ilishafika ukavu ule ule kwenye 109 hivi. Ukisubiri 115 umeshapitiliza, ndiyo maana zinavunjika.

Usikariri hesabu. Chemsha maji matupu, soma kipimajoto, uone pungufu ya 100 ni ngapi, kisha toa hiyo hiyo kwenye maelezo ya mtu wa pwani. Au fanya walivyofanya bibi zetu: dondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi, likifinyangika kidonge laini, mwaga nazi na iliki.

Hii ni kwa kashata za shira tu. Zile za karanga za kuyeyusha sukari kavu bila maji hazibadiliki, Tanga na Makete zinatoka sawa.

---

Mkinga Makambako

Hilo la 94 sikulijua. Basi ndiyo maana maharage ya huku yanakula mkaa.

---

Binti wa Tukuyu

Samahani naingilia. Vipi tabaka la kati likiwekwa parachichi badala ya kastadi? Parachichi huku tunalisha nguruwe msimu ukikolea. Rangi inakaribia.

---

Shangazi wa Kihesa

Hapana binti. Parachichi likikutana na hewa linakuwa la kahawia, na halina ukavu wa kushika chokoleti juu. Limau litazuia rangi siku moja, halafu utakuwa na tabaka chachu. Parachichi lisage na maziwa, wageni wanywe kwenye glasi.

---

Mama Visheti, Uyole

Shangazi la mwisho, nisikuchoshe. Trei ya Kyela. Watu wanaondoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi kwa kosta, shughuli kule ni mchana. Itafika?

---

Shangazi wa Kihesa

Mpaka Tukuyu haina neno, baridi ile ile. Ukishateremka kwenda Kyela ndipo mambo yanabadilika, hata mwezi wa saba mchana wa kule ni wa kuvua sweta. Siagi inaanza kulegea hata kwenye nyuzi 20 na kitu, chokoleti inafuata.

Fanya hivi. Trei ya Kyela kwenye tabaka la kati punguza krimu, weka vijiko viwili vikubwa tu, na ongeza sukari ya aisingi robo kikombe. Itakuwa ngumu kidogo lakini itasimama. Usiikate Mbeya, peleka nzima, iliyochorwa mistari tu. Ilaze kwenye friji usiku kucha (kwa jirani kama huna), asubuhi iingize kwenye boksi la baridi, lile la wauza aiskrimu, na chupa mbili za maji yaliyoganda zilizoviringwa taulo. Chupa zikae pembeni ya trei, siyo juu yake. Boksi liwe miguuni mwa mtu unayemwamini, ndani ya gari. Ukimpa kondakta atalipandisha kwenye keria, juani.

---

Mndali wa Kyela

Na kule wakifika waulize nani ana friji inayofanya kazi kabla ya kushusha boksi. Kama umeme umekatika, wakate na wagawe saa hiyo hiyo, wasisubiri hotuba.

---

Mama Visheti, Uyole

Sawa. Kesho nakwenda Mwanjelwa kuulizia bei ya siagi, nikirudi nitamwambia mama wa Soweto bei ya trei. Akiguna nitamwambia kuna kashata.